Karatasi Iliyoandikwa USIZIME

Kambini, 3 Juni

Mwanangu,

Nakuandikia nimelala kifudifudi kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sanduku, kwa sababu goti la kulia leo limekataa kabisa kukunjika. Mama yako usimwambie. Akiuliza kwa nini mwandiko umepinda, sema nilikuwa na haraka.

Huku machimboni simu hazishiki, kwa hiyo haya mambo ya kompyuta itabidi tuyamalize kwa barua na kwa hisani ya dereva wa lori la dizeli. Nisikilize vizuri. Mimi niliishia darasa la sita, nitaeleza kama ninavyoona.

Karani wa stoo ameondoka. Tulimwita Kimya. Miaka mitano amekaa stoo na sikumbuki sauti yake. Jumapili moja alifunga begi, akapanda lori, kwisha. Ameacha rafu zilizojaa vipuri na kompyuta moja. Kila kipuri kina namba, na kila namba ina mchoro wake kwenye mashine. Kimya alikuwa anafungua dirisha la mafaili, anaweka kipanya juu ya namba, anabofya kulia, inatokea orodha, anachagua "Onyesha mchoro". Mchoro unakuja. Fundi mitambo anautazama, anasema ndiyo hiki, anaondoka nacho.

Sasa hauji. Ukibofya, kinatokea kisanduku cha kijivu kimeandikwa: STOO haijulikani. Stoo! Nimekaa ndani ya stoo, ufunguo wa stoo uko mfukoni mwangu, halafu mashine inaniambia stoo haijulikani. Michoro yenyewe ipo, mahali palipoandikwa /diski/michoro, ni elfu kumi na moja, lakini majina yake hayafanani na namba za vipuri hata kidogo. Ni ile "Onyesha mchoro" tu inayojua upi ni wa kipuri kipi.

Msimamizi alitangaza mbele ya wote: "Atakayeifanya mashine hii itoe michoro kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, stoo ni yake. Akikosekana, makao makuu wataleta mtu wao." Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Chuma, yule ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee Goti, wewe kompyuta unaijulia wapi? Utaipiga nyundo?" Nikamwambia binti yangu ni fundi.

Kazi ya stoo ni ya kukaa, mama. Kuna kiti chenye mgongo. Kwenye mtambo wa kuponda mawe nasimama saa kumi kila zamu, na daktari wa kambi amesema nikiendelea hivi, mwisho wa mwaka nitarudi nyumbani kwa magongo.

Watu wanasema Kimya aliiharibu mashine makusudi alipoondoka. Mimi sijui. Juu ya kioo alibandika karatasi kwa wino mwekundu: USIZIME.

Nisaidie.

Baba yako


Nyumbani, 9 Juni

Shikamoo Baba,

Mama nimemwambia una haraka. Alisema, "Baba yako tangu lini akawa na haraka?"

Tatizo lako nimelielewa, na ni dogo, usihangaike. STOO si stoo unayokaa. Ni neno. Kimya aliifundisha mashine kwamba ukisema STOO, maana yake ni mahali fulani kwenye diski ambako michoro imewekwa. Kitabuni linaitwa kigeu cha mazingira, wewe liite neno. Alifanya hivyo ili diski ikibadilishwa, arekebishe mahali pamoja tu, asizunguke kila kona. Ni mtu mwenye akili. Sasa mashine imelisahau lile neno, basi. Tuifundishe tena.

Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia mistari mitatu, herufi kubwakubwa, na nimechora mahali pa kuacha nafasi na mahali pa kutoacha. Iandike kama ilivyo. Huo mstari wa pili utaingia kwenye faili ambalo dirisha jeusi hulisoma kila linapofunguliwa. Ukimaliza, lifunge, lifungue, halafu liulize kwa mstari wa tatu. Likikujibu /diski/michoro, umeshinda.

Nimejaribu kazini, kwenye duka la kompyuta, kabla ya kukuandikia, imekubali mara ya kwanza. Bosi wangu, Miwani, alikuwa anachungulia begani kwangu. Alisema, "Mteja gani huyo analipa kwa stempu?" Nikamwambia ni mteja wangu wa kwanza duniani, ndiye aliyenilipia masomo.

Goti lako limeanza lini hasa?

Mwanao


Kambini, 15 Juni

Fundi wangu,

Nimeandika mistari yote mitatu kwa kidole kimoja. Ilinichukua mapumziko yote ya mchana na sikula. Nililiuliza dirisha jeusi, likanijibu: /diski/michoro. Nilipiga kelele mpaka Chuma akaja mbio akidhani rafu imeniangukia.

Halafu nikafungua dirisha la mafaili, nikabofya kulia juu ya kipuri, "Onyesha mchoro".

STOO haijulikani.

Nilirudi kwenye dirisha jeusi. Je, STOO unaijua? Naijua. Nikaenda kwenye dirisha la mafaili. STOO haijulikani. Nikayaweka yote mawili pamoja kwenye kioo, moja kushoto, jingine kulia, kama watu wawili mbele ya hakimu. Huyu anasema naijua, huyu anasema siijui. Kompyuta ni moja, waya ni mmoja, umeme ni mmoja. Chuma aliegemea mlango akasema, "Hawa hawaongei. Ni kama mimi na shemeji yangu."

Mwanangu, mimi naelewa kitu kinapokufa. Nyundo ikivunjika mpini, imevunjika. Ukanda ukikatika, umekatika. Lakini kitu kinachojua na hakijui kwa wakati mmoja, hicho sijawahi kukutana nacho katika miaka thelathini ya kazi. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza, neno linakaa wapi? Nimeliandika mimi mwenyewe, nimeliona kwa macho, sasa limejificha chumba gani?

Na hayo mazingira wanayoyasema kitabuni ni yapi? Mazingira ninayoyajua mimi ni vumbi.

Goti limeanza zamani kidogo. Tuendelee na kompyuta.

Baba yako


Nyumbani, 20 Juni

Shikamoo Baba,

Kosa ni langu, nisamehe. Nilikufundisha kulifundisha dirisha jeusi peke yake. Faili lile linasomwa na dirisha jeusi tu. Dirisha la mafaili halilisomi kabisa, halina habari nalo. Ndiyo maana mmoja anajua, mwingine hajui. Hakuna muujiza hapo.

Neno inabidi liandikwe kwenye faili jingine, lile ambalo mashine inalisoma mara moja tu, wakati inaamka na wewe unaingiza jina lako. Likisomwa hapo, kila kitakachofunguliwa baadaye kitalirithi: dirisha jeusi, la mafaili, yote. Karatasi ya pili ina mistari miwili mipya.

Halafu, hili ni la lazima Baba, uizime kompyuta uiwashe tena. Usipoizima, haitalisoma lile faili. Nimepigia mstari mara mbili.

Mama anakuuliza kwa nini siku hizi barua ndefu zote zinakuja kwangu na zake hazina hata salamu ndefu. Nimemsomea ile ya madirisha mawili mbele ya hakimu. Alicheka, kisha akasema, "Lile lisilojua limetoka kwa ukoo wa baba yako."

Mwanao


Kambini, 24 Juni

Mwanangu,

Nimefanya yote. Nimeandika, nimezima, nimewasha. Bado. STOO haijulikani.

Msimamizi alipita leo akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tumekaribia. Alisema makao makuu wameshamteua mtu wao, anasubiri tu kuambiwa apande lori. Akasema pia Kimya amemwandikia akiomba barua ya sifa kwa ajili ya kazi mpya, na kwamba hamwandikii ng'o. "Mtu aharibu mashine yangu, halafu nimsifu?"

Sina zaidi.

Baba yako


Nyumbani, 30 Juni

Shikamoo Baba,

Hii haiwezekani. Sisemi hujui, nasema haiwezekani. Nimechukua kompyuta kuukuu hapa dukani, nimeipa mfumo kama wa kwako, nimeifanya isahau, nimeifundisha, nimeizima, nimeiwasha. Imekubali. Nimerudia mara nne. Imekubali mara nne. Yako inakataa.

Siku ya tatu sasa sielewi kitu. Wateja wananisemesha mimi naitikia tu. Nimeanza kuhisi pengine kile cheti changu cha ufundi ukutani ni picha tu. Labda faili ulilolifungua silo. Labda mfumo wenu ni wa zamani na unasoma faili jingine. Labda jina limezidi nafasi moja mwishoni. Jaribu hili: funga madirisha yote ya mafaili, halafu lifungue dirisha la mafaili kutoka ndani ya lile jeusi, kwa amri niliyoiandika nyuma ya karatasi hii. Nadhani hata Kimya alikuwa anafanya hivyo: aliandika neno kwa mkono ndani ya dirisha jeusi, akafungulia mafaili kutoka humohumo, na tangu hapo hakuzima tena. Ndiyo maana akabandika ile karatasi. Kwa hiyo hakuharibu kitu Baba. Mashine ilizimwa tu, na neno likapotea. Sijui nani aliizima. Labda umeme ulikatika.

Hata hivyo sina uhakika kama hiyo itafaa. Kuna kipande cha dirisha la mafaili ambacho hubaki kinaishi nyuma ya kioo hata ukifunga madirisha yote. Ndicho kinachochora zile picha ndogo mbele. Ukifungua dirisha jipya, kile kipande cha zamani ndicho kinacholifungua, nacho hakijui neno.

Nilimweleza Miwani yote hayo. Alivua miwani akaifuta, akaniuliza, "Huyo baba yako aliizima kweli?" Nilikasirika sana. Nikamwambia baba yangu ni mtu wa shida nyingi lakini akisema nimefanya, amefanya. Hatujaongea vizuri tangu jana.

Niambie tu unaona nini ukiiwasha. Kila neno linalotokea. Liandike.

Mwanao


Kambini, 6 Julai

Mwanangu,

Mwombe msamaha Miwani.

Sikuizima. Nilikuandikia nimeizima. Ile barua ya tarehe ishirini na nne niliiandika fupi ili nisije nikajikwaa mwenyewe.

Sasa nikueleze lote. Siku Kimya alipoondoka, msimamizi alinipa ufunguo nikafagie stoo. Nikafagia, nikafuta rafu, nikaifuta na kompyuta. Nilipomaliza nikafanya kama tulivyozoea nyumbani, mama yako na kelele zake za "mmezima?" Nikaizima. Karatasi niliiona nikiwa nimeshabonyeza. Kesho yake fundi mitambo alikuja kutafuta mchoro, na kile kisanduku cha kijivu kikatokea kwa mara ya kwanza. Watu wakasema ni Kimya. Mimi nikanyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa uoga, siku ya pili kwa sababu nilinyamaza siku ya kwanza.

Kwa hiyo ulipoandika niizime tena, nilikaa mbele yake, kidole juu ya kitufe, nikashindwa. Niliona nimeiua nusu mara ya kwanza, mara ya pili nitaimaliza, na kiti kitaondoka nayo.

Kuna jambo limetokea jana limenifungua kichwa. Asubuhi hapa tunapita getini, na pale getini msimamizi anatoa neno la siku: wapi watalipua, mtambo upi usiguswe. Ndani hasemi tena. Jana alisema ukanda usiwashwe mpaka rola ya mbele inayouzungusha itiwe grisi. Wote tulisikia. Ila Chuma alikuwa amelala kwenye kibanda cha mtambo, zamu yake ya kulinda, hakutoka nje hata kidogo. Sisi tunafika, yeye ameshawasha. Rola ikang'ang'ania, mhimili wake ukakatika vipande viwili. Msimamizi akamrukia. "Hukusikia nilichosema?" Chuma macho yamemtoka: "Ulisema lini? Mimi nilikuwa ndani!"

Nilisimama pale na goti langu, nikamtazama Chuma, nikaliona dirisha la mafaili. Halikuwa kiziwi, mwanangu, wala halikuwa na kiburi. Lilikuwa ndani tangu kabla neno halijasemwa, na hakuna aliyelitoa nje lipite getini. Mimi ndiye niliyelifungia.

Mtambo umesimama. Rola mpya inahitaji vipimo vyake, na vipimo viko kwenye mchoro. Wanaume arobaini wamekaa chini ya turubai wanasubiri. Kesho asubuhi nakwenda kwa msimamizi kumwambia ni nani aliyezima, halafu nitaizima mbele yake. Inaweza isiamke. Nikikosa stoo nitakuwa nimeikosa kwa mkono wangu. Goti limeanza miaka miwili iliyopita, ulikuwa unauliza. Msomee mama yako barua hii yote.

Baba yako


Nyumbani, 9 Julai

Shikamoo Baba,

Ukiisoma hii utakuwa umeshafanya, najua, lakini mkono haukubali kukaa bure.

Nilikasirika. Nimeosha vyombo vyote vya nyumba hii kwa hasira. Siku kumi nimejiona mjinga, nimegombana na mtu aliyekuwa na haki. Miwani nilimwomba msamaha. Hakuringa, alisema tu, "Wateja wote husema wameizima. Ila wa kwako ndiye wa kwanza kurudi kuniambia hakuizima."

Mama nilimsomea yote. Kwenye goti alisimama, akaenda uani. Aliporudi alisema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie kelele zangu za kuzima ni za taa na jiko. Kompyuta sikumtuma."

Baba, mfano wa geti ni mzuri kuliko wa kitabuni. Nitautumia dukani.

Mwanao anayekuombea iamke


Kambini, 13 Julai

Mwanangu mpenzi,

Nilikwenda tarehe saba, kabla ya watu kupita getini. Msimamizi alikuwa anakunywa chai amesimama. Nikamwambia, "Kimya hakuharibu mashine. Niliizima mimi, siku ya kufagia." Akakiweka kikombe chini. Mimi nikatazama viatu vyake.

"Mwezi mzima," akasema.

"Mwezi na wiki moja."

"Na sasa unataka nini?"

"Nataka kuizima tena."

Tulikwenda stoo wawili. Chuma alitufuata kwa nyuma bila kuitwa, bado amenuna kwa ajili ya rola. Nilikagua ile mistari yako miwili kwenye faili, herufi kwa herufi, kidole kikiwa juu ya kioo. Halafu nikabandua karatasi ya Kimya, kwa sababu sikutaka kuiona wakati nafanya, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza. Sijawahi kusikia stoo ikiwa kimya namna ile. Nikahesabu mpaka ishirini, nikawasha.

Inachelewa kuamka, mwanangu, hukuniambia. Taa iliwaka, ikazimika, ikawaka. Msimamizi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi ningeogopa." Chuma akasema, "Mpe jina lake, inasubiri." Nikaandika jina langu. Nikafungua dirisha la mafaili, nikatafuta rola ya mbele, nikabofya kulia. "Onyesha mchoro." Nikafumba macho.

Chuma ndiye aliyesema. "Hiyo hapo."

Rola yote, na mhimili wake, na vipimo vyote pembeni. Msimamizi alinyakua kalamu akaanza kunakili vipimo kwenye kiganja chake, ingawa karatasi ziko mbele yake.

Mimi nilisogea kando, nikashika mlango, nikijua zamu yangu inaanza kule kwenye mawe. Alikuwa hajainua kichwa. Alisema, "Unakwenda wapi? Mhimili una namba nyingine hapa chini, nifungulie na huo." Nikafungua nikiwa nimesimama. Akasema, "Na hiyo beringi." Nikafungua. Akageuka. "Kaa bwana, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Hakuna aliyeniambia niinuke mpaka leo, siku ya saba. Jana alinifanya niandike barua ya sifa ya Kimya, yeye anasema, mimi naandika kwa kidole kimoja. Aliposema "mwaminifu na mwangalifu" alinitazama. Niliandika. Mwishoni nikaomba ruhusa kuongeza mstari wangu mwenyewe wa kumwomba radhi, akakubali, mradi uwe mfupi. Itakwenda na lori la leo, pamoja na hii yako. Mtu wa makao makuu ameambiwa asipande.

Chuma sasa anapita getini kila asubuhi, hata akilala ndani. Anatoka, anazunguka uzio, anaingia upya kama mgeni. Wanamcheka. Mimi simcheki.

Mwambie mama yako mwandiko huu haujapinda kwa sababu nimekaa kwenye kiti, mguu nimeunyoosha juu ya sanduku la beringi. Kengele ya kutoka imelia sasa hivi. Ile karatasi ya Kimya yenye wino mwekundu niliigeuza, hii ninayokuandikia ni nyuma yake. Naizima, nafunga mlango.

Baba yako